Nyumbani Hatusemi Moto

Mara ya kwanza baba aliponikaba, nilikuwa nimempelekea chai. Ilikuwa Jumapili baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amelala kwenye kiti chake sebuleni, mdomo wazi, nami nikamgusa bega. Sikuuona mkono wake ukija. Ninachokumbuka ni mabati ya juu, kisha uso wake juu ya wangu, macho yamefunguka lakini hayanioni, na vidole gumba viwili vikibonyeza koo langu kwa ustadi wa mtu aliyefunzwa mahali pa kubonyeza. Mama alimpiga mgongoni kwa mwiko. Mwiko ukavunjika. Akachukua kigoda. Kigoda ndicho kilichomrudisha. Aliniachia, akaitazama mikono yake kama mikono ya mgeni, akatoka nje na kuketi kando ya tangi la maji mpaka jua likashuka.

Kesho yake nilirudi chuoni nimejifunga skafu, na aliyeniuliza nilimwambia nina mafua.

Baba alikuwa koplo mstaafu. Alivaa kofia ya samawati ya walinda amani mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na alirudi na jaketi zito na picha za theluji. Mara ya pili ilikuwa Afrika Magharibi, miaka ilipokuwa inageuka kuwa elfu mbili, na hakurudi na picha yoyote. Posho ya safari ya kwanza ilitununulia ploti Kitengela, wakati nyumbu bado walikuwa wakipita kati ya misingi ya nyumba za watu. Posho ya pili iliezeka paa. Kwa hiyo kila kitu kilichotukinga na upepo wa Kitengela kilitoka kwenye jambo ambalo baba hakutaka kulisema.

Nyuma ya ploti yetu, mwendo wa nusu saa kwa miguu kwenye udongo mweusi, kulikuwa na machimbo ya mawe. Siku yoyote isiyo ya ibada baruti ililipuka huko, wakati mwingine saa nane, wakati mwingine saa kumi. Vikombe vililia kabatini. Sisi tulizoea. Baba, aliyekuwa ameshastaafu na kukaa nyumbani kutwa, hakuzoea. Mlipuko ukilia, yeyote aliyekuwa karibu naye aligeuka adui kwa muda wa kama dakika moja, na dakika moja ni ndefu sana ukiwa chini ya ngumi. Mama alivunjwa mbavu moja. Mdomo wake wa chini ulipasuka mara mbili mahali palepale, mpaka pakaota kovu lililomfanya aonekane anataka kusema kitu.

Halafu tukaenda kununua misumari. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa mzee wa Kiislamu aliyetoka kaskazini mashariki, mpole, na ndevu zake alizitia hina. Mpakizi wake mmoja aliangusha bati nyuma yetu. Nilimwona baba akigeuka na mpini wa sururu aliouchomoa sijui wapi, na sauti ya ule mpini kwenye taya la yule kijana ninaweza kuisikia hadi leo nikitaka, na pia nisipotaka. Alimpiga mara tatu. Meno mawili yalibaki sakafuni karibu na mizani. Watu walimrukia baba, wakamlaza, wakamkalia.

Nilitarajia polisi. Mwenye duka alikataa. Alichuchumaa mbele ya mama na kusema, "Mama, mimi nimetoka mahali bunduki inalia kama jogoo. Huyu si mlevi. Huyu yuko na vita ndani. Kijana yangu nitamtibu mimi. Wewe mpeleke huyu hospitali kabla hajaua mtu."

Tulimpeleka Kajiado. Pale kwenye benchi, mbele ya daktari na mimi, mama alitamka sharti lake. Hakuinua sauti.

"Baba watoto, nasema mbele ya watu. Ukiniinulia mkono tena, hata kidole, naenda kwa dada yangu Matasia. Na sirudi."

Baba alisema, "Sawa."

"Sijamaliza. Ukikaa mwaka mzima bila kunigusa, hii maneno sitawahi kuitaja tena."

"Sawa," alisema tena, kama anapokea amri.

Daktari alimpa vidonge, akamwomba awe anarudi kuzungumza. Kisha akasema jambo lililonikera: baba atafute kazi ya mwili, kitu cha kuchosha mikono yote miwili, kila siku, mwili uchoke kabla ya akili kupata nafasi. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na nilikuwa nimejifunza kuuliza ushahidi hata wa salamu. Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Alicheka bila kunidharau. "Msomi, upo, na nitakuonyesha ukitaka. Lakini kwanza mzee alale."

Baba alianza kwa kukimbia. Kila asubuhi alivaa buti na kukimbia kando ya barabara ya Namanga hadi Kisaju, akarudi amelowa jasho. Ilidumu wiki tatu. Siku moja mwendesha baiskeli alimpigia kengele kwa nyuma, na baba akamtoa juu ya ile baiskeli kama mtu anavyotoa kuku kwenye kiota, akamburuta mtaroni na kumkanyaga kifua. Alirudi nyumbani na damu kwenye buti, akazivua, akazitupa juu ya paa.

"Kukimbia si dawa," alisema. "Ukikimbia, kila kitu kiko nyuma yako."

Juma lililofuata, bila kumwambia mtu, alikwenda machimboni.

Nilipoambiwa kwenye simu sikuamini. Mtu anayerukwa na akili kwa sababu ya mlipuko amekwenda kuomba kazi mahali mlipuko unapotengenezwa. Lakini aliyesimamia baruti pale alikuwa sajini mstaafu, mtu mfupi aliyekosa kidole kimoja, ambaye wachimbaji wote walimwita Afande. Alimtazama baba mara moja tu akampa nyundo na tindo. Kazi yake ikawa kuchonga mawe ya kujengea. Unachora mstari juu ya jiwe, unapiga tindo kufuata mstari, unasikiliza. Jiwe likibadilisha sauti, unapiga pigo moja zito na linafunguka. Baba alipiga jiwe kama anampiga mtu; hilo nililiona kwa macho yangu likizo ya kwanza, na lilinitisha. Lakini jioni alirudi nyumbani amekuwa wa kijivu kutoka nywele hadi kucha, akala, akalala. Wiki ya kwanza viganja vilichubuka mpaka mama akamlisha kwa mkono. Alimlisha, ingawa mbavu yake bado ilimuuma akipumua.

Miezi ikapita. Mama aliihesabu kwa sauti, akimimina chai: "Huu wa tatu." "Huu wa tano." Niliona kwamba baba naye alikuwa akisubiri kuusikia.

Mimi nilibishana na mama, si na baba.

"Hajapona," nilimwambia. "Amechoka tu. Mtu aliyechoka na mtu aliyepona wanalala namna moja."

"Wacha walale basi."

"Na kazi ikiisha? Mtu anayeogopa nyoka unampeleka kuishi kwenye shimo la nyoka?"

"Wewe unataka apone vile kitabu inasema. Mimi nataka kuamka na meno zangu."

Katika mwezi wa saba wa hesabu ya mama chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, nikawa nyumbani. Jiko letu lilikuwa kibanda cha nje, na mlango wa nyumba ulikuwa mmoja. Jumamosi moja jioni niliketi kwenye kizingiti nikisoma, miguu nimeinyoosha, nimeziba njia kabisa. Baba alikuwa amerudi kutoka machimboni, hajaoga, anasinzia kwenye kiti karibu na mlango. Mama alitoka jikoni amebeba sufuria ya maharagwe yaliyokuwa bado yanachemka. Alisema nitoke. Sikusikia. Basi akafanya kile ambacho kila mtu hufanya akibeba kitu cha kuunguza, akapaza sauti: "Moto! Moto! Moto!"

Niliruka pembeni. Mama akaingia. Na baba akatoka kwenye kiti kama aliyerushwa.

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, kwa hiyo niliona kila kitu, na ndiyo maana kwa muda mrefu nilijiamini. Mkono wake wa kulia ulimshika mama shingo kwa nyuma. Goti lake likampiga nyuma ya goti. Mama akaanguka kifudifudi na sufuria ikaanguka pamoja naye, na baba akamwangukia juu kwa uzito wake wote. Nilisikia kiwiko cha mama kikivunjika, sauti kavu kama ya kijiti. Maharagwe yalimwagika kwenye paja la mama na kwenye mikono ya baba, na baba hakuondoa mikono. Mama alipiga yowe moja refu. Nilichukua kile kigoda cha zamani na kumpiga baba kichwani mpaka damu ikamtoka sikioni, naye hakujikinga. Alingoja tu, amemlalia mama, kama anasikiliza kitu. Kisha akainua kichwa na kumuuliza kwa upole, "Umeumia?"

Nadhani lile swali ndilo lililomuudhi mama kuliko kiwiko.

Kutoka hospitalini hakurudi nyumbani. Mkono ukiwa kwenye plasta, ngozi ya paja imebambuka kama ya nyanya iliyochemshwa, alikwenda moja kwa moja Matasia kwa dada yake. Kwa kila aliyemuuliza alisema maneno matatu: "Alinishika shingo, akanivunja." Baba hakujitetea. Jumatatu alikwenda kazini na bandeji kichwani.

Nami nikaamua nitakwenda huko machimboni na kumtoa. Mtu mzima anampa mgonjwa nyundo, na huyu mgonjwa amemvunja mama yangu mkono: nilitaka kumwambia Afande hivyo mbele ya watu wote, na nilitaka baba asikie.

Nilifika alasiri. Ukingoni walikaa akina mama wanaoponda kokoto, kila mmoja na rundo lake na nyundo ndogo. Mmoja alinitazama viatu.

"Msomi amekuja kupima mawe," akasema.

"Nimekuja kumwona Afande."

"Yule pale. Usimwite kwa mkono, hana vidole vya kuhesabu."

Walicheka. Chini shimoni nilimwona baba, mgongo wazi, akipiga tindo. Afande alikuwa akizungushia waya wa baruti kwenye kigingi. Nilimpa maneno yangu yote kwa sauti ya juu: kwamba baba ni mgonjwa wa akili, kwamba amemvunja mke wake, kwamba yeye Afande anamchochea, kwamba siku atakapoua mtu damu itakuwa juu yake. Nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine. Baba aliweka tindo chini taratibu. Akachukua shati lake na kuanza kulivaa, akifunga vifungo hadi cha juu, kama anayejiandaa kushtakiwa.

Afande hakunijibu. Alitazama saa yake, akatia filimbi mdomoni na kuipuliza, pigo moja refu.

Watu wakaanza kuondoka shimoni, baba pamoja nao. Akina mama wa kokoto waliinuka. Ng'ombe wa jirani yetu Mmasai, waliokuwa wakila majani ukingoni, waligeuka wenyewe na kwenda zao upande wa pili. Hata wao walijua. Mimi nilidhani nimepuuzwa, na kwa hasira nikazidi kuongea nikimfuata Afande. Alinielekeza kwa mkono nyuma ya rundo kubwa la mawe. Nikakataa. Nikasimama palepale njiani na kusema sitoki mpaka nijibiwe.

Mtu mmoja upande wa pili akapaza sauti: "Moto! Moto! Moto!"

Mkono ulinishika shingo kwa nyuma. Goti likanipiga nyuma ya goti. Nilianguka kifudifudi, nikasukumwa nyuma ya mawe, mdomo umejaa vumbi, na uzito wa mtu mzima ukaniangukia. Ardhi iliruka chini ya tumbo langu. Kisha mawe yakaanza kushuka, madogo kwanza, halafu moja lililotua karibu na mguu wangu kwa kishindo, na nikausikia mwili ulionifunika ukitoa pumzi kwa nguvu, mara moja, kama mtu aliyepigwa.

Aliendelea kulala juu yangu, akisikiliza. Kisha akainua kichwa.

"Umeumia?"

Nilijaribu kuongea nikatema mchanga. Begani mwake shati lilikuwa limechanika na damu ikishuka hadi kwenye kiwiko. Afande alikuja kwa miguu yake mifupi, akanitazama chini, na kwa mara ya kwanza akanijibu.

"Wewe mtoto unataka kufa kwa sababu ya mdomo?"

"Kila mtu mnamwangusha hivyo?" nilimuuliza.

"Hapana. Hiyo hatufundishi hapa. Hiyo koplo alikuja nayo kutoka huko alienda." Akampa baba kitambaa cha kukaza begani. "Hapa tunafundisha tu filimbi na neno. Filimbi, unatoka. Neno, unalala. Mlipuko wa nyumbani unakuja kama mwizi. Huu wetu unabisha hodi. Ndiyo maana analala usiku. Sasa, umesema nimfukuze?"

Nilimwambia baba tukae, tukaketi kwenye mawe aliyoyachonga mwenyewe.

"Siku ile ya sufuria," nilisema. "Ulisikia neno."

"Nilisikia neno."

"Na ukajua lini kwamba ni maharagwe?"

"Nikiwa tayari chini."

"Mbona hukumwambia?"

Alifikiri. "Nimwambie nini? Kwamba nilikuwa namwokoa na maharagwe?"

Nilicheka, na Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikalia, na akina mama wa kokoto wakageuza nyuso kwa heshima. Nilikuwa nimekwenda pale kumfukuzisha kazi mtu ambaye kosa lake lilianzia kwenye kizingiti nilichokuwa nimekiziba kwa miguu yangu. Lakini hata nikiwa nalia, nilikuwa tayari najihoji. Je, ni ukweli, au ni mimi ninayetaka awe na udhuru? Nilipapasa shingo yangu kwa nyuma. Alama za vidole zilikuwepo. Siku ile ya chai vidole vilikuwa mbele, kooni.

Kesho yake nilikwenda Matasia. Mama mdogo alinifungulia mlango nusu.

"Wamemtuma msomi sasa."

"Hakuna aliyenituma, mama mdogo."

Mama alikuwa ameketi kitandani, mguu ameuinua. Sikumweleza kwanza. Nilimwomba mama mdogo asimame, nikamwomba mama atazame. Nikamshika mama mdogo shingo kwa nyuma, nikaweka goti langu nyuma ya goti lake, nikamshusha polepole mpaka kwenye mkeka, nikamlalia, na kumfunika kichwa kwa mikono yangu miwili. Mama mdogo alinitukana matusi ya nyumbani. Mama hakucheka. Alikuwa ameweka mkono wake mzima kwenye kisogo.

"Aliweka mikono hapa," alisema. "Nilidhani ananikandamiza."

"Maharagwe yalimwagikia mikono yake. Imeungua mpaka viwiko."

Nilimweleza habari ya filimbi na neno. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hii ya sufuria haikuwa kuniinulia mkono," alisema. "Lakini usiichukue hii ukaosha nayo zile zingine. Zile zingine zilikuwa ngumi. Hii mbavu yangu haikuokolewa na kitu."

"Siwezi kuziosha."

"Na huu mdomo."

"Na huo mdomo."

Mama mdogo alisema asirudi. Alisema mambo mengi yenye akili, na mengi yake ningeyasema mimi mwenyewe wiki moja kabla. Mama alimwacha amalize.

"Huu ni mwezi wa ngapi?" akaniuliza.

"Wa nane umeanza."

"Basi ukiisha huu, imebaki minne."

Alirudi plasta ilipotolewa. Hakukuwa na maneno mlangoni. Alipita mbele ya baba, akaingia jikoni, akatangaza sheria: katika nyumba hii neno lile lisisemwe. Chakula kikitoka jikoni atasema "Niko na sufuria," na atakayeziba mlango atamwagiwa. Chai iliyochemka ikawa "ngoja kidogo". Pasi ikawa "usiguse". Wageni walituona watu wa ajabu, na mchungaji alidhani tunaogopa jehanamu.

Mwaka ulitimia. Mama alimimina chai na hakutaja mwezi wowote, na baba alielewa, kwa sababu aliinuka akaenda kusimama kando ya tangi la maji.

Bado sijui kama jiwe lilimponya. Nimesoma zaidi tangu wakati ule, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyopunguza kusema "kuponya". Alipokosa kazi wiki mbili kwa mvua kubwa, alivunja mlango wa choo kwa ngumi. Daktari wa Kajiado aliendelea kumwona, na vidonge aliendelea kumeza. Ninachokijua ni kidogo, na nilikiona Krismasi moja, nyumba imejaa jamaa kutoka magharibi wasiojua sheria yetu. Binamu yangu mmoja alipokea kikombe, akaonja, akapaza sauti: "Aah, moto!"

Kila aliyejua aliganda. Mama alishika ukingo wa meza. Baba alikuwa ameinuka nusu, mkono wake wa kulia uko hewani, umbali wa shubiri moja kutoka shingo ya yule binamu, na jasho limemtoka ghafla usoni. Hakuna aliyemgusa. Kisha alinigeukia mimi.

"Umesikia filimbi?" akaniuliza, taratibu sana.

"Hapana, baba. Hakuna filimbi."

Alisikiliza kidogo zaidi, ahakikishe mwenyewe. Mkono ukashuka, ukapata ukingo wa kiti, ukashika.

"Basi ni chai," akasema, na akaketi.